Utamu Urudi Ndani ya Chakula

Ukiamua leo kupunguza sukari jikoni na makazi yako ni Mchafukoge, mbadala haupo mbali. Vuka Mnazi Mmoja uingie Kariakoo: asali ya Tabora na Singida imepangwa kwenye chupa na madumu, tende zinapimwa kwa kilo, ndizi mbivu zinauzwa kwa kichane, ukwaju na ubuyu vimo kwenye mafungu, na mashine ya miwa inakamua juisi kwa ndimu na tangawizi. Rudi kwenye maduka ya viungo ya Mchafukoge yenyewe, au pita Kisutu, uulizie sukari guru ya mabonge. Vyote hivi vinasifiwa kuwa ni vya asili. Sifa hiyo ni ya kweli, ila haitoshi kukuongoza, kwa sababu baadhi ya vitu hivi vitakusaidia kula sukari kidogo na vingine vitakupa sukari ileile yenye rangi na harufu nyingine, tena kwa bei kubwa zaidi. Kinachopunguza sukari mwilini ni kuurudisha utamu ndani ya chakula chenyewe, kwenye tunda zima, kwenye nafaka iliyooteshwa, kwenye kiazi na nazi, huku ukiuondoa polepole kwenye kijiko. Anayebadilisha kopo tu, akaendelea kuchota kama zamani, hajafika popote.

Kwanza ijue sukari uliyo nayo. Viwanda vyetu, TPC ya Moshi, Kilombero, Mtibwa na Kagera, huzalisha zaidi sukari ya matumizi ya nyumbani, yenye chembe kubwa na mara nyingi yenye ukahawia kidogo. Ile nyeupe iliyosafishwa kabisa, ambayo wafanyabiashara huiita sukari ya viwandani, huagizwa kutoka nje kwa ajili ya soda, biskuti na vinywaji vya chupa. Kwa hiyo Mtanzania anayesikia kwamba sukari nyeupe ina madhara hujifariji haraka: yake ni ya kahawia. Faraja hiyo haina msingi. Ukahawia ule ni utando mwembamba wa molasi juu ya chembe ambayo karibu yote ni sukrosi, na mwili huivunja kuwa glukosi na fruktosi kama unavyoivunja nyeupe. Ukitaka kipimo cha kweli cha jikoni kwako, nunua kilo moja, andika tarehe juu ya mfuko, kisha uone inaisha lini na imekwendea wapi.

Sasa tazama hesabu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati anayokula mtu kwa siku, na likasema kuna faida zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayekula takriban kilokalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, yaani vijiko vya chai kama 12, na asilimia 5 ni vijiko 6. Jambo linalopuuzwa na wauzaji wa vitu vya asili ni tafsiri ya sukari huru katika mwongozo huo: ni sukari yote inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na ile iliyomo kwenye asali, kwenye shira na kwenye juisi za matunda. Asali imetajwa kwa jina. Na ukipima kwa kijiko, asali inashindwa mapema, maana kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi, ilhali kijiko hichohicho cha asali kina gramu 7, ambazo karibu 6 ni sukari na zilizobaki zaidi ni maji. Juisi ya miwa nayo ni maji ya mmea wenyewe, hakuna kilichoongezwa ila ndimu, lakini glasi ya mililita 300 hubeba gramu 30 za sukari na zaidi. Jambo hili lina uzito kwetu: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana sukari ya juu kwenye damu.

Anza na chai, kwa kuwa ndiko kijiko kinakoingia kila siku bila kufikiriwa. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, vimeshafika 12, na hujala andazi wala kunywa soda. Kuibadilisha sukari hiyo kwa asali hakukusaidii, kama tulivyoona. Kinachosaidia ni kushusha nusu kijiko, kukaa hapo wiki mbili, kisha kushusha tena. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambamo watu waliopunguza sukari kwa miezi mitatu walianza kuuona utamu wa chakula kilekile kuwa mkali zaidi kuliko walivyouona wenzao ambao hawakubadili kitu. Jaribio hilo pia halikuonyesha kwamba hamu yao ya vitamu ilipungua, kwa hiyo usitegemee kuichukia halua. Tegemea tu kwamba kijiko kimoja kitakuja kukutosha. Viungo vitakubeba katika kipindi cha mpito. Chemsha tangawizi iliyopondwa, iliki mbili tatu na kijiti cha mdalasini ndani ya maji kwa dakika kumi kabla ya kutia majani na maziwa, na usitumie unga wa viungo uliokaa kopo wazi miezi sita. Viungo hivi havina utamu wa kuhesabika, ila ulimi uliozoea kukutana navyo pamoja na sukari huusikia utamu hata sukari ikiwa kidogo, na maziwa yana sukari yake ya asili. Ukinywa chai kwa mama lishe au kwenye mgahawa, sema mapema, kwani mara nyingi chai hutiwa sukari yote ndani ya chupa kabla mteja hajafika.

Hapa hupatikana pingamizi la kwanza, nalo linastahili jibu la heshima: asali ni dawa, na imetajwa hivyo kwenye Qurani. Hakuna anayekanusha kwamba asali hutuliza kikohozi, wala kwamba ina harufu na ladha ambazo sukari haina. Lakini dawa hutumiwa kwa kipimo, na anayeienzi asali hana sababu ya kuitia vijiko vitatu kwenye kikombe kinachochemka, ambako harufu yake inapotea na utamu ndio unaobaki. Itumie mahali ambapo kidogo kinasikika: juu ya uji uliokwisha kupoa kiasi, kwenye mtindi, kwenye kachumbari ya embe bichi, au kupaka kuku wa kuoka dakika tano za mwisho. Ukitaka kuokea keki kwa asali, tia robo tatu ya kipimo cha sukari, punguza maji au maziwa kidogo, na ushushe moto, maana asali huungua haraka. Usiidharau asali iliyoganda. Kuganda ni tabia ya asali nyingi halisi, na kuiweka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu huirudisha. Yale majaribio ya mtaani ya kuchovya kiberiti au kudondosha tone kwenye maji hayathibitishi chochote. Muuzaji anayejua asali yake imetoka kijiji gani na imevunwa lini ni dalili bora kuliko njiti ya kiberiti. Na jambo moja halina mjadala: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata ya kuonja, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyomletea ugonjwa wa kupooza uitwao botulizimu.

Sukari guru ina historia yake pwani hii. Mashamba ya miwa ya Pangani yalikuwa yakitoa sukari ya namna hiyo katika karne ya 19, muda mrefu kabla ya kiwanda cha Kilombero. Hutengenezwa kwa kuchemsha maji ya miwa hadi yashikane, bila kuitenga molasi, ndiyo maana ina ladha nzito yenye moshi kidogo na madini kiasi. Watu huitetea kwa madini hayo, hasa chuma. Lakini sehemu kubwa ya bonge bado ni sukrosi, na ili upate chuma cha maana ungelazimika kula sukari nyingi kupita kiasi, wakati maharage, dagaa na mchicha vimejaa sokoni. Faida yake ya kweli ni ladha: kwa kuwa ni nzito, theluthi mbili ya kipimo cha sukari hutosheleza kwenye kashata za karanga, kwenye maharage ya nazi, kwenye mchuzi wa ukwaju. Ukiitumia kwenye chai ya maziwa, epua kwanza ndipo uitie, kwa sababu ikichemka pamoja na maziwa inaweza kuyakata. Ukinunua, rangi ya njano iliyong'aa isikuvutie. Maji ya miwa yaliyochemshwa sawasawa hutoka kahawia.

Tende ndizo zinazofaa zaidi kuanza nazo kwa mkazi wa katikati ya jiji, kwa kuwa zinapatikana mwaka mzima na mkono wa kila mtu umeshazizoea kutokana na futari. Zaidi ya nusu ya uzito wa tende kavu ni sukari, hilo lisifichwe. Ila sukari hiyo imo ndani ya nyama ya tunda pamoja na nyuzinyuzi, gramu saba au nane katika kila gramu 100, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kula tende tatu na kulamba vijiko vitatu. Tende nzima humezwa polepole na hushibisha. Kwa mapishi, toa kokwa gramu 200, loweka kwenye kikombe kimoja kisichojaa cha maji ya moto kwa nusu saa, kisha saga pamoja na maji yake, au ponda kwa mwiko na uchekeche kama huna blenda. Rojo hilo hukaa kwenye friji wiki nzima. Tia vijiko viwili vya mezani kwenye sufuria ya uji wa watu wanne. Litumie kwenye juisi ya ukwaju au ya ubuyu, ukiongeza chembe ya chumvi, na usiigandishe juisi, kwa sababu ubaridi mkali huuzima utamu na kukufanya uongeze. Kwenye maandazi ya nusu kilo ya unga, ambayo wengi huyatilia gramu 100 za sukari, tia gramu 120 za rojo, kanda kwa tui zito na iliki badala ya maji, na kaanga kwa moto wa wastani kwani yatawahi kupata rangi. Yatatoka na weusi kidogo na utamu mpole. Mwambie mapema anayekula. Wataalamu wa Uingereza huhesabu tunda lililosagwa kuwa rojo kama sukari huru, kwa kuwa kusaga huvunja kuta za chembechembe zake, nami naona tahadhari yao ina maana: rojo nalo lina kipimo, lisiwe ruhusa mpya. Kwa rojo usinunue tende za kifahari. Zile zilizoshindiliwa zinafaa sana na bei yake ni nafuu, ukiwahi kabla ya kuelekea Ramadhani. Soma kasha pia. Baadhi ya tende zinazong'aa na kunata zimepakwa shira ya glukosi.

Kuna vyakula ambavyo tunavitia sukari kwa mazoea tu. Ndizi mzuzu ya nazi ni mfano mzuri. Ndizi inapoiva, wanga wake hugeuka sukari, na mzuzu yenye ganda lililojaa madoa meusi ikipikwa kwa tui, iliki na chembe ya chumvi haihitaji hata kijiko kimoja. Tatizo ni kwamba tunaipika ikiwa bado ngumu na ya njano, kisha tunaufidia utamu ambao siku tatu za kusubiri zingeuleta bure. Jioni wauzaji hupenda kuziondoa ndizi zilizoiva kupita kiasi kwa bei ya chini; hizo ndizo za mkate wa ndizi na za vitumbua. Boga zuri la unga halina haja ya sukari. Viazi vitamu vina siri ya moto: ndani yake mna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa maltosi wakati kiazi kinapopita polepole kwenye joto la nyuzi 60 hadi 75, ndiyo maana cha kuchoma kwenye majivu au kwenye oveni kwa saa nzima huwa kitamu kuliko kilichochemshwa haraka. Viache pia visinyae siku chache kabla ya kupika. Ukikutana na matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo ni vya kawaida Tabora na Shinyanga, nunua uvile na chai isiyo na sukari.

Mbinu iliyosahauliwa zaidi mjini ni kimea. Wanaotoka Ruvuma, Iringa na Njombe wanaijua kupitia togwa, kinywaji chenye utamu ambao haukununuliwa dukani. Ulezi unapoota hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga, na unga wa ulezi huo ukitiwa kwenye uji wa moto hufanya kazi hiyohiyo ndani ya sufuria. Wataalamu wa lishe nchini walikihimiza kimea kwa uji wa watoto miaka ya 1980, hasa kwa sababu hulainisha uji mzito na kumwezesha mtoto kula chakula kingi ndani ya bakuli dogo. Kukitengeneza kunawezekana hata ghorofani Mchafukoge. Osha ulezi, loweka usiku kucha, mwaga maji, ufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu kwa siku mbili au tatu ukiulowesha asubuhi na jioni hadi vimizizi vitokeze, anika barazani hadi ukauke kabisa, kisha usage. Ukiota ukungu, utupe wote. Pika uji mzito wa mahindi au wa ulezi wa kawaida, uepue, usubiri upoe hadi kidole kisiweze kukaa ndani lakini mvuke mkali umekwisha, ndipo ukoroge vijiko viwili vya mezani vya kimea kwa kila lita. Ukikitia kwenye uji unaochemka, vimeng'enya hufa na hutaona kitu. Baada ya nusu saa uji utakuwa mwepesi na mtamu. Uchemshe tena kidogo kabla ya kumpa mtoto. Tumia ulezi, usijaribu mtama usioujua vizuri, kwa sababu miche ya mtama huwa na sumu ya sayanidi na lazima iondolewe.

Si kila kitu kibadilishwe. Halua, jalebi na shira ya kaimati hutegemea tabia ya sukari yenyewe inapochemka na kushikana. Ukizitengeneza kwa rojo la tende utapata chakula kingine, na huenda ukaharibu vyote viwili. Hivyo vibaki vya sikukuu na vya wageni, kwa kipande kidogo, kwa sukari yake halali. Mgeni naye usimlazimishe mpango wako. Mletee chai isiyotiwa sukari, bakuli na kijiko viwe pembeni, naye ataamua mwenyewe bila kuona amenyimwa.

Pingamizi zito zaidi ni la bei, kwa kuwa asali huuzwa ghali mara kadhaa kuliko sukari, na tende hazipo mbali nayo. Ndiyo sababu mwongozo huu haukushauri kubadilisha kilo kwa kilo. Familia ya watu watano, kila mmoja akinywa vikombe viwili kwa siku vyenye vijiko vitatu, humaliza gramu 120 kwa siku, yaani kilo 3.6 kwa mwezi kwenye chai peke yake. Wakishuka hadi kijiko kimoja na nusu, wanaokoa kilo 1.8, na fedha hiyo inanunua ulezi na ndizi, na wakati mwingine tende za kushindiliwa, bila kuongeza bajeti. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uzalishaji wa sukari nchini, bei ilipanda hadi serikali ikatangaza bei elekezi. Nyumba iliyokuwa imeshapunguza kijiko iliumia kidogo kuliko nyingine.

Anayeishi na kisukari asome yote haya kwa uangalifu zaidi. Asali, guru, tende, uji wa kimea na ndizi iliyoiva sana vyote hupandisha sukari kwenye damu, na neno asili halibadilishi kipimo cha mashine. Anayetumia sindano ya insulini au vidonge azungumze na kliniki yake kabla ya kupunguza kwa kasi, kwani dozi huenda ikahitaji kurekebishwa. Na ikitokea sukari imeshuka, anatetemeka na kutoka jasho jembamba, wakati huo tende hazifai kutangulizwa, kwa sababu kinachotakiwa ni kitu kinachoingia haraka kwenye damu. Mpe vijiko vitatu au vinne vya sukari ya kawaida vilivyokorogwa kwenye maji, mradi ana fahamu na anaweza kumeza; chakula kifuate baada ya robo saa.